Sanda ya Mguu

Mtendeni, Tabora
3 Juni 2024

Benedikta, mke wangu niliyeponea chupuchupu kumuoa,

Mwangaluka. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu huko porini kwako simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu, na hapa dukani kwangu ukizungumza na simu mtaa mzima unakuitikia. Barua hii nimemkabidhi Amon dereva wa Fuso mkononi mwake. Ukimaliza kuisoma, itie kwenye moto wako wa kufukizia nyuki iungue.

Nimepatikana na kisukari. Nilikwenda kupima macho, maana siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ni vita, muuguzi akasema tuanze na kidole. Asubuhi, sijala kitu: kumi na nne nukta mbili. Uzito kilo mia na nne. Muuguzi anaitwa Sista Agnetha, mfupi, hana mchezo hata kidogo. Amenipa vidonge na miezi mitatu. Nipunguze kilo kumi, niache soda, chai ya sukari, chapati na ule mlima wa ugali unaoujua, nitembee kila siku. Nikishindwa, tunaanza sindano. "Na miguu uitazame kila asubuhi," akasema, "juu, chini, na katikati ya vidole."

Aliposema miguu nilimwona baba. Ulikuwa unakaa kwetu mwaka ule, ukisoma darasa la sita. Kidonda kidogo kwenye kisigino, akasema ni kiatu kimembana, na kabla ya mvua kuisha wakamkata chini ya goti. Unakumbuka alivyojaribu kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja? Kanyagio lilikuwa linarudi nyuma, uzi unakatika, na kila ukikatika anatazama mlangoni kama kuna mtu aliyeona. Cherehani ile ile ndiyo ninayoikalia mimi. Naogopa, Benedikta. Nimeandika mara moja, sirudii.

Anayejua ni Mwanajuma mke wangu tu, na sasa wewe. Shamila wetu anaposwa na watu wa Nzega, ukoo wa Mzee Sabiri, na kikao ni Septemba. Sitaki wajue kwamba baba wa bibi harusi ni mgonjwa. Kwa hiyo funga mdomo wako mkubwa.

Twalibu, fundi wako wa nguo ambazo hulipi


Porini, nje ya Sikonge
15 Juni 2024

Twalibu, pipa langu,

Tumsifu Yesu Kristu, nawe itikia kwa namna yako.

Barua nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilikaa chini. Halafu nikacheka tena, kwa sababu mimi ni mtoto wa mjomba wako, na binamu asipokutania nani atakutania? Marehemu mama yako, shangazi yangu, alisema mimi na wewe tutataniana hata kaburini. Basi nakuuliza mapema: ukifa, cherehani nani anarithi? Nakumbusha tu kwamba mimi ndiye mke mkubwa.

Sasa nisikilize. Huyo sista wako amesema uache sukari, uache. Lakini asali si sukari. Sukari inatoka kiwandani, asali inatoka kwa Mungu. Nimekutumia ndoo ndogo ya nyuki wadogo, ile chachu kidogo ambayo wazee wanapaka hata kwenye vidonda. Vijiko vitatu kila asubuhi, maji ya uvuguvugu, ndimu nusu. Hii inasafisha damu. Hata mimi nakunywa, maana tangu tuanze kurina mwili umechoka kama wa mpagazi. Nadhani ni moshi. Kiu hainiishi, namaliza dumu la lita tano peke yangu, na kwenda kichakani ni kila saa, mpaka nyuki wamenizoea.

Usiogope. Wewe ni mnene mno kufa mwaka huu, shimo la kukutosha halichimbiki kiangazi.

Benedikta, mkeo wa kwanza


Mtendeni
8 Julai 2024

Benedikta muuaji,

Nilifanya kila kitu. Ugali ukubwa wa ngumi, wa mawele. Mlenda, kisamvu, choroko, dagaa. Chai kavu, chungu kama dawa ya minyoo. Nimeacha hata michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha, na unajua mimi na michembe. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nashika barabara ya Kwihara mpaka jasho litoke, njia ile ile ambayo wazee wetu walipita na mizigo ya watu kichwani. Nilikuwa nawaza humo njiani: wao waliutua mzigo wakifika, mimi wangu nimeufunga kiunoni miaka ishirini na hakuna aliyeniajiri.

Kilo nne zimetoka. Nikaenda kliniki nimenyoosha shingo. Kidole kikatobolewa. Kumi na tano nukta sita.

Sista Agnetha akatazama mashine, akatazama mizani, akanitazama mimi. "Mzee Twalibu, unakula nini nisichokijua?" Nikasema sili kitu. Akauliza unakunywa nini. Nikasema maji. Akaliandika neno maji polepole mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu, nikamtajia ndoo yako. Mbele ya foleni nzima! Akasema asali ni sukari, iwe ya nyuki wadogo, iwe ya nyuki wakubwa, iwe ya malaika, na kwamba kila asubuhi nimekuwa nikijimwagia ndani kile ninachokikimbia barabarani. Mwezi mzima umepotea. Imebaki miwili.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na wewe, hasira ya kweli. Kisha nikakumbuka kwamba uliwanyima ndoo ile wateja wa Tabora wanaoililia ili unipe mimi. Basi nakusamehe nusu. Nusu nyingine ni ya cherehani, maana sasa najua mpango wako wa urithi.

Wewe nawe acha kuinywa. Simjui mtu mwenye damu chafu kukuzidi, lakini acha.

Twalibu, bado hai


Porini
22 Julai 2024

Twalibu,

Leo naanza bila utani. Nisamehe. Nilidhani nakupa kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Siku nzima niliyopata barua yako sikwenda kwenye mizinga, nilikaa tu kibandani nikikuwaza umevaa kanzu yako ile ya mikunjo, mguu mmoja. Nisamehe kabisa.

Haya, utani umerudi, usilie.

Nina habari zangu za kishujaa. Juzi nilikuwa natembea na ndoo kichwani, nikafika kibandani, naona nyayo zangu nyekundu zinanifuata kwenye mchanga. Kumbe nimekanyaga mwiba wa mgunga, umeingia kwenye soli ya ndala mpaka nyamani, urefu wa kidole, nami nimetembea nao tangu mto kavu bila kusikia chochote! Wanawake wenzangu wa kikundi cha kurina walipiga yowe, mimi nilikuwa natafuna karanga. Niliung'oa kama mtu anayeng'oa msumari ubaoni. Nimewaambia huu mguu umekufa kabla yangu, wamwite binamu yangu aje auzike. Wewe ndiye mtani, kazi ya kuzika ni yako.

Punguza kilo, pipa langu. Lakini usipungue mpaka nikakosa pa kushika.

Benedikta mwenye mguu marehemu


Mtendeni
12 Agosti 2024

Marehemu mguu na mwenye mguu,

Pokea rambirambi. Ndani ya furushi hili utakuta sanda. Bafta nyeupe safi, nimeikata kwa kipimo cha lile guu lako la tembo, nimeacha na kamba mbili za kufungia. Mwanajuma aliponikuta naishona aliniuliza ni mtoto wa nani kafariki. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Uvae siku ya maziko, mimi nitakuja kusoma wasifu: ulikuwa mguu mpole, haukupenda maji.

Mimi ninaye wa kwangu wa kuzika, naye ni tumbo. Kilo tisa sasa. Sukari ya asubuhi ilikuwa nane nukta nne wiki iliyopita, Sista Agnetha akatabasamu kwa upande mmoja. Nakanyaga cherehani kutwa nzima na ganzi iliyokuwa inanipanda kwenye nyayo imepungua. Nilikuwa sijakwambia kuhusu ganzi. Sikutaka kuiandika.

Lakini nikikwepa shimo hili, naona jingine mbele. Mtaa umeanza kunitazama. Mashati yangu yananining'inia, na fundi ambaye shati lake linamning'inia watu wanajiuliza. Wiki iliyopita mteja wangu wa miaka kumi alinipa vipimo kwa kusimama mbali, akanitajia mwenyewe inchi za kiuno chake nisimguse na futi. Mwingine alimwambia Mwanajuma, "Pole dada, siku hizi dawa zipo." Unajua anamaanisha ugonjwa gani. Na maneno yamefika Nzega. Mzee Sabiri ametuma mtu kuuliza afya yangu, kwa adabu sana, mara mbili kwa wiki moja. Shamila hali vizuri. Amesema, "Baba, waambie tu ni sukari." Nimwambie nani? Nikisema ni sukari watasema najificha nyuma ya sukari. Na wakiamini, watasema ipo kwenye damu ya ukoo, wasiichukue kwao.

Kwa hiyo nimepata dawa ya kifundi. Nimelifungua koti langu, nimeshona sponji chini ya bitana, tumboni na mabegani. Nimelivaa mbele ya kioo. Twalibu wa zamani karudi! Kikao ni tarehe saba. Nitakaa nalo saa mbili, nile kidogo, wanione nimejaa, waondoke. Usinihubirie.

Twalibu, mnene wa bandia


Porini
30 Agosti 2024

Twalibu,

Sanda imefika. Wanawake wa kikundi wamecheka mpaka wamekaa chini. Nimeivaa, imenikaa sawasawa, fundi unajua kazi yako. Nimeendelea kuivaa, kwa kweli, maana lile tundu la mwiba halijafunga, linatoa maji kidogo, na sanda yako inayanyonya vizuri kuliko kitambaa. Naipaka asali kila jioni. Nimeacha kuinywa kama ulivyosema, sasa naipa mguu tu. Nzi wanaupenda kuliko nyuki wanavyopenda maua. Nimewaambia nzi kwamba binamu yangu bado hajafika, wasubiri maziko.

Kidole kidogo na jirani yake vimevaa nguo nyeusi, vimeanza msiba mapema.

Sijapanda mtini wiki hii wala ile iliyopita. Mizinga wanashughulika nayo wenzangu. Homa kidogo ya msimu.

Hilo koti la sponji ni ujinga, lakini sitahubiri. Ninyi wanaume wa mjini mnaficha kupungua, sisi huku tunaficha mengine. Usije huku, nakutania tu. Kaa na posa ya binti.

B.


Mtendeni
10 Septemba 2024

Benedikta,

Soma barua hii ukiwa umekaa. Amon nimemwambia aiache ifunguliwe mbele ya mwenzako mmoja, ili hata usipotaka, kuna mtu mwingine ameisikia.

Kwanza kikao, kwa sababu ndicho kilichonifungua macho. Walikuja Wanzega sita. Joto la Septemba unalijua. Nikavaa koti. Nusu saa, sponji imekunywa jasho, imekuwa nzito, na nyuzi zangu mwenyewe, nilizoshona kwa haraka ya aibu, zikaachia. Tumbo likahama. Lilitoka mbele likaenda ubavuni, taratibu, mbele ya macho ya Mzee Sabiri, ambaye alikuwa anaongea habari za mvua. Akaikatiza mvua, akalifuata tumbo kwa macho. Nilimwona Shamila kwenye upenyo wa mlango, amejiziba uso kwa mtandio.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nililivua koti, nikalichana bitana kwa mkono, nikaitoa ile sponji nikaiweka juu ya mkeka, na juu yake nikaweka daftari la kliniki. Nikasema, "Hili ndilo tumbo langu, na huu ndio ugonjwa wangu. Ni sukari. Nimeipunguza kwa kula kidogo na kutembea. Someni wenyewe."

Mzee Sabiri alivaa miwani akasoma ukurasa kwa ukurasa. Alichukua muda mrefu mno. Mwisho akasema, "Mke wangu wa kwanza alikuwa na hii. Alipokuwa anakonda tulimpa uji wenye sukari nyingi apate nguvu. Tulimpa kila siku." Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. Posa imekubaliwa.

Jana ilikuwa siku yangu ya kliniki, miezi mitatu imetimia. Kilo tisini na mbili. Sita nukta tatu. Hakuna sindano. Nilifurahi mpaka nikataka Sista Agnetha afurahi nami, nikamsimulia kisa cha sanda ili acheke. Nilimwigizia ulivyotafuna karanga.

Hakucheka. Aliweka kalamu mezani. "Hakusikia mwiba?" Nikasema ndivyo, ni shujaa. "Anakunywa maji mengi?" Nikasema dumu zima. "Anakojoa mara kwa mara? Kidonda kinatoa maji? Kuna kidole cheusi?" Kila alilouliza nilikuwa na jibu, Benedikta, yote uliniandikia! Nilikuwa nayo mfukoni. Akasema, "Mzee, huyu ndugu yako ana sukari kukuzidi wewe, na mguu wake unaoza, nawe umemshonea sanda."

Nilirudi nyumbani nikazitoa barua zako zote nikazisoma bila kucheka. Sikuweza kumaliza. Mimi ndiye niliyemwona baba akikatwa, mimi ndiye ninayetazama nyayo zangu kila asubuhi, na ulipokuwa unaniambia mguu umekufa mimi nilikuwa natafuta bafta. Sijui nitajisamehe vipi.

Sasa si utani. Sikuiti mke wangu wala muuaji. Benedikta, binti wa mjomba wangu: usiupake kitu chochote, usitembee, usikanyage chini. Amon atalala Sikonge leo, na alfajiri ya Alhamisi mimi nitakuwa kwenye gari la kwanza kutoka hapa. Nitakubeba mwenyewe. Kilo kumi na mbili nimezitua, nina nafasi ya mzigo. Ukikataa nitakufunga kamba. Ukisema nakutania, nitalia mbele ya kikundi chako chote.

Twalibu wa Mtendeni


Wodini, Tabora
4 Oktoba 2024

Sukari ya asubuhi: nane nukta tisa. Uzito: kilo themanini na saba. Homa: hakuna.

Twalibu,

Hayo ya juu ndiyo ya kweli. Kuanzia leo, mimi na wewe, kila barua itaanza hivyo, namba kwanza, hakuna kuzigusa kwa utani. Tukishamaliza hapo, kila mtu amtukane mwenzake anavyotaka.

Ninakuandikia ingawa ulikuwa hapa jana na utakuwa hapa kesho, kwa sababu yapo ambayo nikikutazama usoni nitayageuza kicheko. Shamila ndiye atakayeileta. Mtoto yule ana subira, ananipimia ugali kwa ngumi yake kwa kuwa ni ndogo kuliko yangu.

Nilijua. Siyo tangu mwanzo, lakini barua yako ya Julai uliyoniambia niache asali, niliisoma nikahesabu: kiu, uchovu, kichakani kila saa. Nilijua kama nilivyolijua jina langu. Kisha nikamwona baba yako akitazama mlangoni. Mrina asali asiye na mguu hapandi mti, na mimi sina mume wala cherehani. Nikasema nikimwambia Twalibu kwa ukweli atakuja na atanipeleka kwa watu wenye msumeno. Nikimwambia kwa utani nitakuwa nimemwambia, na hatakuja. Nilitaka yote mawili. Ukaileta sanda na nikacheka na wenzangu, halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia, kwa sababu ulikuwa umeniamini.

Usijilaumu peke yako. Mimi niliiandika, wewe uliisoma, tugawane.

Daktari jana kasema kidonda kimeanza kuota nyama nyekundu. Kasema ungechelewa wiki moja wangekata pale pale walipomkata baba yako. Walichukua vidole viwili tu, na Mwanajuma aliviomba. Alikuwa ameifua ile sanda yako kwa maji ya moto, akaikausha, akavifunga humo, na mmevizika nyuma ya duka. Ameniambia ulisimama hapo kama mtu anayezika mzazi na hukusema hata neno moja la wasifu. Mtani gani wewe.

Na kazi yenyewe uliiharibu, fundi. Mwanajuma anasema ilibidi azikunje kamba mara tatu, vidole vilikuwa vinacheza humo ndani. Ulishona sanda ya mguu mzima. Nafasi yote iliyobaki humo, Twalibu, ni mguu ambao leo asubuhi nimetembea nao kutoka kitandani mpaka dirishani.

Benedikta, binti wa mjomba wako